Mkono wa Honorine Ukutani

Jumapili iliyopita nilipita mbele ya duka moja la picha, kule chini mjini wanakoishi wenye farasi wao wenyewe, nikamwona Honorine Vasselot dirishani. Alikuwa ndani ya fremu ya dhahabu, anacheka. Nilisimama nikamkodolea macho mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama namtafuta mtu.

"Namtafuta huyo," nikamwambia.

"Hiyo ni kazi ya Ravenel, mama," akanijibu kwa ile sauti ya kumwelewesha mjinga. "Bango la mafuta ya taa. Yamebaki machache sana."

Machache! Niliondoka haraka nisije nikamtemea mate kwenye kioo chake. Kwa nini ni machache, mimi najua, yeye hajui. Na kile kibao cha shaba chini ya fremu kilikuwa na jina la mchoraji, jina la mafuta, hata mwaka. Jina la mwanamke hakuna. Basi nitalitaja mimi, Léontine Baudry, niliyefanya kazi katika kiwanda kile kile kilichochapa bango lile, na ambaye mlango wangu na wa Honorine ulitazamana huku kwetu Belleville, mtaa wa kilimani Paris, tangu tulipokuwa wasichana.

Honorine alikuwa fundi wa maua ya kitambaa, yale yanayopandwa juu ya kofia za mabibi. Alikata petali za waridi kwa hariri, akazitia rangi kwa ncha ya kidole, akazibonyeza kwa kichuma cha moto mpaka zikajikunja zenyewe. Alikuwa na ulimi mkali na kicheko kikubwa kilichosikika mpaka uani. Ukimkuta amenuna, ujue kuna msiba.

Na msiba ulikuja. Yeye na mdogo wake Clarisse walifanya kazi meza moja, taa katikati. Muuza mafuta wa kona alikuwa ameleta mafuta mapya ya bei nafuu, yakiitwa Mafuta ya Nyota, na jioni moja ya Februari Clarisse aliijaza taa, akawasha utambi, akarudisha kioo cha chemni mahali pake. Ikalipuka. Hariri, gundi, karatasi, kila kilichokuwa mezani kilishika moto. Honorine alimkumbatia mdogo wake akamviringisha blanketi, lakini haikufaa kitu, Clarisse alifia hospitali. Honorine alirudi nyumbani na mkono wa kulia umekunjamana kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko, ngozi imevutika inang'aa, na mkono ule haukuweza tena kunyanyuka kupita bega.

Watu wa Nyota hawakuleta hata shada. Waliokuja kuchunguza waliandika kwamba taa ilikuwa chafu. Taa ya Clarisse, chafu! Yule msichana alikuwa anasugua chemni yake kwa magazeti mpaka unaweza kujitazama. Lakini ndivyo walivyoandika, wakaenda zao kula.

Basi Honorine akaamua kusema mwenyewe. Kila Jumamosi, siku ambayo wanawake wa mtaani hununua mafuta, alisimama mbele ya duka la kona na kikapu chake.

"Umechukua yapi, shoga?"

"Ya Nyota. Yameshuka bei."

"Yarudishe. Hayo hayakusafishwa sawasawa, yanawaka kabla hujayaambia yawake."

Anayebisha, Honorine alimpandishia mkono wa blauzi yake mpaka kiwikoni aone mwenyewe, na hapo ubishi ulikwisha. Mtaa wetu ukaacha kununua Nyota. Tulilipa zaidi kwa mafuta mengine au tukawasha mishumaa, na muuza mafuta alimchukia Honorine kufa. Clarisse alizikwa kwenye shimo la maskini, hana jiwe wala jina. Alichokuwa nacho ni kile tu: dada yake akisema msinunue, watu hawanunui.

Sasa aje huyu Bwana Ravenel. Alikuwa mchoraji, kijana wa kizibao cha mahameli, aliyepanga chumba kwetu kilimani kwa sababu, alisema, kwetu kuna mwanga mzuri. Kwetu kulikuwa na kodi nafuu, lakini tusibishane. Alikula kwa Mama Ligier, mwenye kimgahawa cha supu na maziwa, ambapo sisi sote tulikula adhuhuri.

"Dada," alimwambia Honorine siku moja, "kicheko chako hakiniachi nilale."

"Kakitafutie dawa kwa mfamasia," Honorine akajibu, kijiko mdomoni.

Meza zote zikacheka. Ravenel naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kukasirika, na hilo ndilo baya lake. Akaeleza kwamba duka moja kubwa la kofia linataka bango la kubandikwa Paris nzima: mwanamke anacheka, amenyanyua juu waridi la kitambaa.

"Nani aliyetengeneza waridi?" Honorine akauliza.

"Wewe! Utalileta mwenyewe."

Hapo akampata. Angemsifu macho au kiuno, Honorine angemrushia supu. Lakini waridi lake, kubwa kama gurudumu, kwenye kila ukuta wa Paris? Alienda alasiri kadhaa akasimama juu ya kiti chumbani kwa Ravenel. Alimweleza mapema kwamba mkono wa kulia haupandi, wala hataki uonekane.

"Basi nyanyua wa kushoto, dada. Kwangu ni mamoja."

Kwake ilikuwa mamoja kweli. Yakumbukeni maneno hayo.

Duka la kofia halikulipenda bango. Walisema mwanamke anacheka sana, wateja wao hawachekei kofia. Ravenel angeweza kuitupa ile michoro, au kumwambia Honorine yaliyotokea. Badala yake aliwapelekea watu wa Nyota. Wao walipenda kicheko. Akachora upya juu ya jiwe la kuchapia, lile linalopakwa wino na kukandamiziwa karatasi, kila kitu kama kilivyokuwa, isipokuwa waridi. Mahali pa waridi akaweka taa inayowaka.

Mimi wakati huo nilikuwa chumba cha lebo, nalisha mashine karatasi za makopo ya jamu. Mabango makubwa yalichapwa ng'ambo ya ua, na sisi wa jamu hatukuruhusiwa kukanyaga huko. Kwa hiyo nililiona bango siku ile ile walipoliona wengine, asubuhi ya Aprili, kwenye ukuta mrefu mbele ya nyumba ya kufulia.

Mbandika mabango alifika na ngazi yake na ndoo ya gundi, nasi tukatoka na nguo zetu zilizolowa kumtazama, kwa kuwa bango jipya lilikuwa burudani ya bure. Alianza na karatasi ya chini. Tukaona sketi ya manjano inayopepea, mguu mmoja na kiatu chekundu, na maneno: MAFUTA YA NYOTA, MWANGA BILA HOFU.

"Mguu wa nani huo?" mmoja akauliza.

"Si wako, wako haungeenea ukutani!"

Tulikuwa tunacheka bado alipopandisha karatasi ya juu na kuilainisha kwa brashi. Ukatokea uso wa Honorine. Ulikuwa yeye hasa, na lile pengo dogo kati ya meno ya mbele, na nywele zinazoponyoka kwenye pini. Alikuwa anacheka kwa moyo wote. Na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka juu angani, mweupe, laini kuanzia kwapa hadi vidole, umeshika taa.

Nguo ziliacha kuchuruzika, au masikio yangu yaliziba. Honorine alikuwa amesimama nyuma yetu na beseni lake. Alitazama kwa muda. Halafu akaweka beseni chini, akapandisha mkono wa blauzi, akautazama mkono wake, akautazama wa ukutani.

"Ndiyo huu huu," akasema. "Wamechukua huu huu."

Niliyekuwa karibu naye ni mimi, nikaliokota beseni lake.

Watu wana midomo, na Belleville ina midomo zaidi. Kabla jua halijafika utosini walishaanza. "Honorine! Nyota wamekupa mkono mpya? Waambie mimi nataka goti!" Hao walikuwa wanatania tu, na angewajibu. Waliomuumiza ni wale ambao hawakutania. Muuza mafuta alibandika bango jingine dirishani kwake, na kila mteja aliyesitasita alimwonyesha kwa kidole: "Si huyo hapo? Angekuwa na chuki na mafuta haya angeyabeba hivyo?" Na watu wakaanza kununua. Yalikuwa ya bei nafuu, na sasa walikuwa na ruhusa.

Siku chache baadaye tuliingia kwa Mama Ligier kula, na kopo la Nyota lilikuwa juu ya kaunta, karibu na chungu cha supu.

"Mama Ligier, hiki nini?" Honorine akauliza.

"Mafuta."

"Naona ni mafuta. Una mtoto mchanga ndani humo."

"Honorine, usinipigie kelele kwangu. Wewe mwenyewe unayasifu ukutani."

"Sijasifu kitu! Nilisimama na waridi!"

"Mimi sioni waridi," Mama Ligier akasema, na hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka na mtoto. "Naona wewe na taa. Kama wamekulipa, kula pesa zako kwa amani, hakuna anayekuonea wivu. Lakini usije kunihubiria tena."

Honorine aliacha supu yake mezani. Akatoka, nami nikamfuata.

Nikamwambia twende kwa Ravenel, na tukaenda, mimi nikiwa mbele kwa sababu nilikuwa nimewaka kuliko yeye. Tulimkuta anakula soseji juu ya karatasi ya michoro. Akafurahi kutuona! Akatupangusia viti!

"Umeliona, dada? Umejiona? Mji mzima unaulizana huyo mwanamke ni nani."

"Ulisema waridi," Honorine akasema.

"Ah, waridi. Wale wa kofia ni washamba."

"Na ulisema mkono wa kushoto."

Ravenel akakunja uso, akajitazama mikono, kisha akajipiga paji la uso akacheka. "Jiwe! Jiwe hugeuza kila kitu, cha kushoto kinatoka kulia. Mtu anatakiwa achore huku anatazama kwenye kioo, nami siku ile sikukitoa. Nilikuchora vile ulivyosimama. Basi karatasi ikakugeuza."

Kosa hilo katika kazi yetu hutokea. Nimeona wapiga fidla wanaoshika upinde mkono usio wenyewe, na majenerali wanaosalimu kwa kushoto. Watu hucheka, wanasahau. Sikumchukia kwa kosa. Nilimchukia kwa alivyopangusa mafuta ya soseji kidevuni akasema:

"Na limetoka vizuri zaidi hivi. Ule mstari wa mkono unampeleka mtu moja kwa moja kwenye taa. Nani atakayeuliza ni wa kulia au wa kushoto?"

"Mtaa wangu," Honorine akasema. "Mdogo wangu aliungua kwa mafuta hayo. Mkono huo ndio niliomzimia moto."

Akaisukuma soseji pembeni, nakubali. Akasema anasikitika sana, hakujua. Kisha akafungua kabati akatoa nakala ya bango, akaisaini kwa penseli ya bluu, akampa Honorine kama vile anampa mtoto peremende.

Tukashuka ngazi. Chini Honorine alilikunja lile bango akaliingiza kwenye mtaro wa maji machafu, akalisukuma kwa kiatu mpaka likazama.

Mnaweza kusema: bango ni karatasi, mvua itakuja, litabandikwa jingine juu yake. Ndivyo nilivyomfariji. Hata asubuhi moja tulipomkuta bwana mmoja wa kofia ndefu mbele ya nyumba ya kufulia, ana sifongo na maji ya moto kwenye birika, analibandua bango polepole kutoka pembeni, Honorine alimkimbilia karibu amkumbatie.

"Mungu akubariki, bwana! Ngoja nikusaidie, vuta huku!"

Na akamsaidia! Alishika pembe ya chini kwa mkono wake wa kushoto, wakalishusha karibu zima. Bwana akaliviringisha kwenye gazeti, akainua kofia.

"Ahsante sana, mama. Nina thelathini na kitu tayari, lakini hili nitalitundika chumba cha kulia chakula. Hii ndiyo sanaa ya kesho, mama. Makumbusho yetu yatakuwa barabarani."

Alipoondoka, Honorine alibaki ameshika kipande kilichochanika mkononi. Na mbandika mabango, aliyelipwa kuhakikisha Nyota haikosekani pale, alirudi alasiri akabandika jingine.

Ndipo tukajua kwamba kuna watu wa namna ile, wengi, wenye pesa, wanaokusanya mabango kama wengine wanavyokusanya vipepeo. Mwezi wa Juni walifanya maonyesho yao kwenye ukumbi mkubwa wa mjini, wameyatia mabango fremu, wameyaning'iniza kwa nyuzi za hariri. Jumapili kiingilio kilikuwa bure. Honorine alivaa gauni lake la pekee la kutokea, na kofia yenye waridi lile lile alilosimama nalo, tukateremka.

Honorine wa bango alikuwa pale kwenye ukuta wa mwisho, peke yake, na watu wamejaa mbele yake. Walisogea karibu, walirudi nyuma, walifumba jicho moja. Mwandishi wa gazeti mwenye ndevu zilizochongwa alikuwa anawahutubia mabibi.

"Utazameni mkono huu! Ni nani aliyetupa mkono kama huu tangu Wagiriki? Hauna uzito, hauna maumivu. Huu si mkono wa mwanamke fulani. Ni furaha yenyewe."

Honorine akapita katikati ya mabibi, akasimama chini ya fremu akawageukia. Akafungua vifungo vya gauni kwenye kifundo cha mkono, akapandisha kitambaa mpaka juu ya kiwiko. Akaunyanyua mkono mpaka pale unapofika, begani.

"Ni wa mwanamke fulani," akasema. "Ndiyo huu. Uliungua kwa mafuta hayo hayo. Mdogo wangu alikufa. Someni hayo maneno hapo chini, kisha tazameni huku."

Ukumbi mzima uligeuka. Nikajua sasa wameona. Bibi mmoja alifunika mdomo kwa glovu.

Yule mwandishi alisogea, akainama, akautazama mkono wa Honorine kwa umakini ule ule aliotazamia bango.

"Ajabu," akasema polepole. "Rangi hii ya zambarau inavyoingia kwenye nyeupe. Ravenel! Ravenel, njoo uone! Ungechora na hili, ukayaweka pamoja, moja huku na jingine kule!"

Na Ravenel akaja. Akatazama. Na akaingiza mkono mfukoni kutafuta penseli.

Nilimvuta Honorine tukatoka, na nyuma yetu maneno yakaanza tena, kwa sauti ya chini kwanza, baadaye ya kawaida. Njiani kupanda kilima hakufunga vifungo vyake.

Magazeti yaliandika. Hayakuandika kuhusu kuungua, yaliandika kuhusu mstari na rangi. Walilisifu sana bango, na watu wa Nyota, ambao hawakujua kama wana sanaa mkononi, waliamka. Mwezi wa Septemba habari ilivuka ua na kutufikia sisi wa jamu: Nyota wameagiza lichapwe tena, mara kadhaa zaidi ya mwanzo, libandikwe kuanzia Oktoba katika kila mtaa, majira ambayo giza linaingia mapema na kila nyumba inanunua mafuta.

Wiki hiyo hiyo taa ya Mama Ligier iliwaka vibaya. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ameiwasha apate kuona chungu chake, na ulimi wa moto ukaruka ukashika pazia lililokuwa juu ya kitanda cha mtoto. Alilivuta chini kwa mikono mitupu akalikanyaga. Mtoto hakuguswa. Mama Ligier alikuja mpaka mlangoni kwa Honorine nilipokuwa nimekaa, mtoto kifuani, viganja vimetoka malengelenge, akagonga kwa mguu.

"Honorine," akasema, "nitukane."

Honorine alimkalisha, akampaka siagi viganjani, akamchukua mtoto akamfunga vizuri shali. Alipomaliza akaniuliza mimi, bila kunitazama:

"Hilo jiwe mnaliweka wapi?"

Kwetu kiwandani kulikuwa na desturi moja ambayo hata bwana mkubwa aliiheshimu. Jiwe la kuchapia ni ghali na halitupwi. Kazi yake ikiisha, msimamizi huchora msalaba wa chaki pembeni, na jiwe lenye msalaba limekufa. Mzee Cyprien, msagaji wa mawe, hulichukua, hulilaza kwenye birika lake la kuoshea mawe, na kulisaga kwa mchanga na maji mpaka picha iondoke na jiwe liwe tayari kwa mchoro mwingine. Hakuuliza kitu. Msalaba ulikuwa amri.

Bango la Nyota lilikuwa na mawe kadhaa, moja kwa kila rangi, lakini mchoro wenyewe, uso na mkono na taa, ulikuwa kwenye lile la wino mweusi. Bila hilo mengine yalikuwa madoa tu. Asubuhi yake, wakati wa kupanga karatasi, nilivuka ua. Nani alichora msalaba? Mimi. Nilichora mkubwa, na kwa chaki nzuri, na ningechora tena kesho. Jumatatu iliyofuata nilifukuzwa kazi, na siku hizi nauza njugu za kuchoma na kahawa kwenye kona, na sijapata kulilia ile jamu. Ravenel alikuwa pwani na marafiki zake, hakuwepo wa kuchora jiwe jipya. Aliporudi majira yalikuwa yamepita, Nyota wamekwisha agiza kalenda kwa mtu mwingine. Na mtaa wetu ulikuwa umerudi kwenye mishumaa, kwa sababu Mama Ligier alikuwa anaonyesha viganja vyake kwa kila aliyeomba supu.

Siku ile ya msalaba Mzee Cyprien alilikokota jiwe kwa kigari mpaka kwenye birika. Alilimwagia maji, akaliona vizuri. Hakuwa kipofu. Kengele ya chakula ikalia, na alipogeuka alinikuta mlangoni na Honorine, aliyevaa aproni yangu ya kazi. Akamtazama Honorine usoni, akalitazama jiwe, akamtazama tena.

"Mimi naenda kunywa supu yangu," akasema. "Mchanga mnene uko ndoo ya kwanza, laini ya pili. Usimsukume sana huyo chuma, mama. Mzungushe, atafanya mwenyewe."

Huyo chuma ni sahani nzito ya duara yenye mshikio wa kusimama. Mzee akavaa kofia akaenda, akafunga mlango nyuma yake.

Honorine alikuwa hajawahi kuliona jiwe. Aliinama juu yake, akakaa hivyo.

"Léontine," akasema, "hapa nimenyanyua wa kushoto."

"Ndiyo. Juu ya jiwe uko vile ulivyosimama. Karatasi ndiyo inayogeuza."

"Kwa hiyo hapa ndiyo mimi."

"Hapa ndiyo wewe."

Nilimwaga mchanga na maji. Akaanzia juu, kwenye taa, akazungusha chuma taratibu, na wino ukaanza kuachia, ukageuka tope la kijivu linalotiririka pembeni. Utambi ulienda, chemni ikaenda, kisha mwanga wote uliochorwa kuizunguka. Nilipomwagia maji kusafisha, alibaki mwanamke wa kijivu anayecheka, amenyanyua mkono wa kushoto juu, vidole vimeshika hewa.

Honorine akasimamisha chuma. Akaweka kidole pale palipokuwa wazi, juu kidogo ya vidole vyake mwenyewe.

"Waridi langu lilikuwa hapa," akasema.

Hakuwa na picha yoyote. Kwetu nani alikuwa na picha? Hakupigwa hata siku ya komunyo ya kwanza, na Clarisse naye hakupigwa. Alitazama uso ule muda mrefu, lile pengo la meno, nywele zinazoponyoka.

"Kumbe nilikuwa mzuri hivi," akasema.

Nilitaka kumwambia aache uso, uso peke yake, tutauficha mahali. Lakini nilijua kiwanda, naye alikwisha wajua watu. Uso ungeachwa, wangeurudishia mkono, na mkono wangeurudishia taa. Nikashika ndoo ya mchanga kwa hasira, kwamba mtu ajione mara moja tu maishani, na iwe ili ajifute.

Akaushika mshikio kwa mkono wa kulia, ule uliovutika ngozi, maana kwa kusaga hakuna haja ya kuunyanyua.

"Ongeza mchanga," akaniambia.